Mwanga Unaopinda na Maada Isiyoonekana: Maswali na Majibu

Alhamisi ya tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilikata Afrika kutoka magharibi kuja mashariki. Kilipita kisiwa cha Príncipe, kikaingia bara kupitia Gabon na Kongo, kikavuka Ziwa Tanganyika, kikagusa ncha ya kaskazini ya Malawi ya leo na kusini mwa Tanzania, kisha kikaishia kaskazini-mashariki mwa Msumbiji, jua likikaribia kuchwa. Huko, pwani ya Palma ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani. Wareno walikuwa wameshalichukua eneo la Kionga kutoka kwa Wajerumani tangu Aprili 1916, na mkataba wa amani wa Versailles ulikuwa bado mwezi mmoja utiwe saini. Kwa Waislamu wa pwani, mwezi uliolifunika jua siku ile ndio uleule uliokuwa ukingojwa uandame ili Ramadhani ya mwaka 1337 Hijria ianze.

Siku hiyohiyo wanaastronomia wa Kiingereza walipiga picha za kupima jinsi mwanga wa nyota unavyopinda ukipita karibu na jua. Leo, zaidi ya karne moja baadaye, kupinda huko ndiko kunakotumiwa kupima kitu ambacho hakuna darubini inayoweza kukiona: maada ya giza, na namna ilivyojikusanya ulimwenguni. Haya ni maswali ambayo watu huuliza sana jambo hili likitajwa.

Mwanga ukipita karibu na kitu kizito, unapinda kweli?

Unapinda. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kitu chenye tungamo kubwa, kama jua, hukunja anga na wakati vinavyokizunguka, na mwanga ukipita hapo hufuata mkunjo huo. Hata hesabu za zamani za Newton ziliruhusu mwanga upinde kidogo. Kwa hiyo ubishi wa mwaka 1919 ulihusu kiasi tu. Kwa njia ya Newton, nyota inayoonekana kwenye ukingo wa jua ingesogea kwa sekunde ya tao 0.87. Kwa Einstein ingesogea mara mbili yake, yaani 1.75. Sekunde moja ya tao ni digrii moja iliyogawanywa vipande 3,600. Msogeo wa 1.75 ni sawa na upana wa milimita nane na nusu ukitazamwa kutoka umbali wa kilomita moja.

Nyota zilizo karibu na jua hazionekani mchana, na ndiyo maana walihitaji jua lipatwe. Mwishoni mwa Mei jua huwa katika kundinyota la Ng'ombe, si mbali na Kilimia. Wakulima na mabaharia wanajua kwamba Kilimia hakionekani siku hizo: kimemezwa na mwangaza wa jua. Nyuma ya jua lililopatwa mwaka 1919 palikuwa na fungunyota la Hyades, jirani wa Kilimia, lenye nyota nyingi zinazong'aa vya kutosha kupigwa picha. Bahati ya namna hiyo haiji mara kwa mara.

Waingereza walifikiria vituo vitatu: kaskazini mwa Brazili, kisiwa cha Príncipe, na upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Tanganyika ikaachwa kwa sababu jua lingekuwa limeshuka mno, na kadiri jua linavyokaribia upeo ndivyo mwanga unavyopita kwenye hewa nyingi zaidi na picha kuvurugika. Huku kwetu Palma lilikuwa limeshuka zaidi ya hapo. Arthur Eddington na Edwin Cottingham wakaenda Príncipe, iliyokuwa koloni la Wareno kama Msumbiji. Andrew Crommelin na Charles Davidson wakaenda Sobral, Brazili. Kule Príncipe mawingu yaliwachezea: kati ya mabamba 16 ya picha, mawili tu ndiyo yaliyofaa kwa hesabu, nayo yakatoa 1.61. Sobral, darubini ndogo ilitoa 1.98. Tarehe 6 Novemba 1919 ikatangazwa London kwamba Einstein ameshinda.

Kuna sehemu ya habari hii isiyosimuliwa sana, na mimi naiona ndiyo ya kushika kwa yote yanayofuata. Sobral kulikuwa na darubini ya pili, kubwa zaidi, na hiyo ilitoa 0.93, karibu kabisa na jibu la Newton. Wenyewe waliipuuza. Walisema kioo chake kilipashwa moto na jua, umbo lake likabadilika na picha zikapoteza makali. Walitenda haki? Watu wamelibishania hilo kwa miaka mingi, ingawa vipimo vya baadaye, vikiwemo vya Australia mwaka 1922, vilimpa haki Einstein. Lakini tatizo lenyewe halikuisha na kupatwa kule. Kila picha ya anga la juu imepotoshwa mara mbili, huko mbali na hapa kwenye chombo, na anayetaka kuijua ya kwanza lazima aijue ya pili nje ndani.

Na "lenzi" wanayoisema wanaastronomia ni ipi? Kuna kioo huko juu?

Hakuna kioo. Galaksi, au kundi la galaksi mamia kwa mamia, lina tungamo kubwa kiasi cha kuupinda mwanga wa kitu kilicho nyuma yake kama kioo cha miwani kinavyoupinda, ndipo likaitwa lenzi ya graviti. Kama kitu kizito kimekaa mbele ya galaksi nyingine sawasawa, matokeo yanaonekana wazi kwenye picha: galaksi moja inatokea mara mbili au mara nne, au inavutika ikawa tao, au inakuwa pete kamili. Lenzi ya kwanza ya aina hiyo iligunduliwa mwaka 1979 na Dennis Walsh na wenzake. Februari 2025 Shirika la Anga la Ulaya lilitangaza pete kamili iliyokutwa na darubini ya Euclid kuizunguka galaksi ya NGC 6505, umbali wa miaka ya nuru milioni 590. Mwanga unaounda pete hiyo unatoka kwenye galaksi nyingine iliyo nyuma yake, zaidi ya miaka ya nuru bilioni 4 kutoka kwetu.

Hiyo ni lenzi kali. Inapendeza, ila ni adimu, na inatuonyesha tu mahali palipo na uzito mkubwa kupindukia. Lenzi hafifu ipo kila mahali. Mwanga wa kila galaksi ya mbali umesafiri mabilioni ya miaka ukipita kando ya malundo ya maada na mapengo matupu, na kila ulipopita umesukumwa kidogo. Galaksi hiyo haigeuki tao. Umbo lake linarefuka upande mmoja kwa kiasi cha asilimia moja, mara nyingi pungufu ya hapo.

Kama ni asilimia moja tu, wanaionaje?

Kwenye galaksi moja hawaioni, na hawataiona kamwe. Chukua shamba kubwa la minazi. Kila mnazi umeinama kivyake: huu ulifuata mwanga, ule mizizi yake ilikaa vibaya, mwingine uliangukiwa na jirani ungali mchanga. Ukiutazama mmoja huwezi kusema lolote kuhusu upepo. Ukiipima yote, ukakuta kwa wastani imeelemea kaskazini, utajua kwamba kusi imeisukuma mwaka baada ya mwaka, japo upepo wenyewe hukuuona.

Galaksi nazo zina maumbo yao ya kuzaliwa. Nyingine ni duara, nyingine zimelala kama yai, nyingine tunaziona kwa ubavu. Galaksi zilizo mbalimbali, zisizowahi kukaribiana, hazina sababu ya kuelekea upande mmoja. Wakikuta katika kipande fulani cha anga kwamba kwa wastani zimerefuka zikikizunguka kitu kisichoonekana, wanajua mbele yake pana tungamo, na wanaweza kukadiria ni kiasi gani.

Hesabu yake haina ugumu. Maumbo ya kuzaliwa hutofautiana kwa kama asilimia 30, na kinachotafutwa ni asilimia 1. Ukichukua wastani wa galaksi 100, tofauti hizo za kuzaliwa zinapungua hadi asilimia 3, nayo bado inaifunika ishara. Ukichukua 10,000, inabaki asilimia 0.3, na ishara inachomoza. Kuipunguza mara kumi kunataka galaksi mara mia, na hapo ndipo gharama ya kazi hii ilipo.

Mwaka 1990 Anthony Tyson, Francisco Valdes na Richard Wenk waliipima lenzi hafifu kuzunguka makundi makubwa ya galaksi. Mwaka 2000 timu nne, kila moja kivyake, zikaipata hata pasipo na kundi kubwa lolote, yaani ile inayotokana na maada iliyotapakaa kila upande. Mradi wa DES ulitumia kamera ya megapikseli 570 kwenye darubini ya mita 4 kule Cerro Tololo, Chile, kuanzia 2013 hadi 2019. Matokeo ya miaka yake mitatu ya kwanza yalitokana na maumbo ya galaksi zipatazo milioni 100, katika kama sehemu moja ya kumi ya anga lote.

Maada ya giza imeonekana na nani?

Hakuna aliyeiona. Inajulikana kwa inavyovuta. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma, akakuta zinakwenda kasi mno kuweza kushikiliwa na nyota zilizoonekana pale. Lazima palikuwa na uzito mwingine. Miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakakuta jambo kama hilo ndani ya galaksi moja moja, nyota za pembezoni zikizunguka haraka kuliko zilivyotarajiwa. Kwa hesabu za leo, maada ya kawaida, yaani nyota, gesi, bahari, samaki na sisi wenyewe, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada ya giza ni asilimia 27 hivi. Inayobaki inaitwa nishati ya giza, nayo ni fumbo jingine.

Mtu anaweza kusema: huenda maada hiyo haipo, na kanuni ya graviti ndiyo yenye kasoro. Ni hoja yenye heshima, na wapo wanasayansi wanaoishikilia. Ushahidi unaowapa shida uko katika kundinyota la Mkuku, lile lenye nyota ya Suheli ambayo mabaharia wa pwani wameifuata tangu zamani. Huko, umbali wa kama miaka ya nuru bilioni 3.8, makundi mawili ya galaksi yaligongana. Gesi ya makundi hayo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada yake ya kawaida, ilikwama katikati ikawaka kwa miale ya eksirei. Mwaka 2006 Douglas Clowe na wenzake walipima lenzi hafifu pale na kukuta sehemu kubwa ya uzito haiko kwenye gesi. Imepita na kutokea upande wa pili, pamoja na galaksi, kana kwamba haikugongana na chochote. Kama uzito wote ungekuwa wa vitu vinavyoonekana, ramani ya lenzi ingeelekeza kwenye gesi.

Watajuaje kwamba si kosa la darubini?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote hapa, na wanaofanya kazi hii ndilo wanalolala nalo na kuamka nalo.

Anza na hewa. Mwanga uliosafiri miaka bilioni kadhaa bila tatizo huharibiwa katika sehemu ndogo ya sekunde ya mwisho, ukipita juu ya vichwa vyetu. Hata kwenye milima mikavu ya Chile hewa huitawanya nukta ya nyota ikawa doa lenye upana wa zaidi ya nusu ya sekunde ya tao, na galaksi hafifu yenyewe haizidi sana ukubwa huo. Halafu kuna kioo kinachoinama kidogo kwa uzito wake darubini inapogeuzwa, upepo unaoitikisa, na kamera ambayo chembe zake za umeme huvuja kutoka kitundu kimoja kwenda kingine. Kila kimoja huweza kurefusha umbo la galaksi kwa zaidi ya asilimia moja. Upotoshaji wa chombo, kwa maneno mengine, ni mkubwa kuliko kile kinachotafutwa.

Dawa yake ni nyota. Nyota za galaksi yetu ziko karibu mno kwa lenzi hii, na kwa darubini kila moja ni nukta tupu. Nukta ikitoka kwenye picha imerefuka, si graviti iliyoirefusha. Ni hewa na darubini. Basi nyota zilizotawanyika katika kila picha hupimwa kwanza, ikachorwa ramani ya upotoshaji wa chombo kwa usiku ule na kwa dakika ile, kisha upotoshaji huo ukaondolewa kwenye galaksi. Halafu hutengenezwa picha za uongo kwa kompyuta, zenye upotoshaji unaojulikana, zikapitishwa kwenye programu ileile ili ionekane kama itaurudisha jinsi ulivyo.

Njia nyingine ni kuikimbia hewa. Darubini ya Euclid, yenye kioo cha mita 1.2, ilirushwa tarehe 1 Julai 2023 na iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kwa miaka sita itapima maumbo ya galaksi zaidi ya bilioni moja, katika theluthi ya anga. Hata huko hakukosekani vituko: ndani ya miezi michache barafu nyembamba ilianza kuganda kwenye vioo, na Machi 2024 ikabidi wahandisi wapashe kioo kimoja joto kutoka duniani ili iondoke. Joto lilivuruga kioo Sobral. Zaidi ya miaka mia moja baadaye joto ndilo lililookoa.

Kosa jingine ni la umbali. Ili kujua uzito uko wapi, lazima ujue galaksi za nyuma ziko mbali kiasi gani. Ulimwengu unapanuka, na mwanga wa vitu vya mbali husogea kuelekea wekundu. Kwa galaksi milioni mia haiwezekani kuupima mmoja mmoja kwa undani, hivyo umbali hukadiriwa kwa kulinganisha rangi chache tu. Ukikosea umbali wa tabaka zima la galaksi kidogo, jibu lote linahama. Na kuna udanganyifu wa kiasili: galaksi zilizozaliwa jirani, zikivutwa na lundo moja la maada, zinaweza kuelekea upande mmoja bila lenzi yoyote. Huo nao lazima ukadiriwe na kuondolewa.

Linabaki kosa la mtu mwenyewe. Mwenye jibu analolipenda hutafuta makosa mpaka jibu hilo litokee, kisha huacha kutafuta. Timu ya KiDS, iliyotumia darubini ya VST kule Paranal, Chile, iliandaa nakala tatu za vipimo vyake, moja ya kweli na mbili zilizobadilishwa, na wachambuzi hawakuambiwa ya kweli ni ipi mpaka kazi ilipokwisha. Natamani utaratibu huu ungekuwepo kwenye mambo mengi zaidi ya astronomia.

Kujikusanya kwa maada kunawasumbua nini?

Darubini ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, ilipima mwanga wa zamani kuliko wote, uliotoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 tu. Wakati huo kila mahali palikuwa karibu sawa. Tofauti kati ya sehemu moja na nyingine zilikuwa kama moja kwa laki moja. Tangu hapo graviti imekuwa ikikusanya, na nishati ya giza ikitawanya. Palipokuwa na maada iliyozidi kidogo pakavuta zaidi. Leo maada imekaa katika nyuzi ndefu, na nyuzi zinapokutana pana mafundo ya galaksi, na katikati pana mapengo makubwa yaliyo karibu matupu.

Ukijua hali ya mwanzo na kanuni za fizikia, unaweza kukokotoa maada inapaswa kuwa imejikusanya kwa kiasi gani leo. Wanasayansi hulieleza hilo kwa nambari moja waliyoiita S8: ikiwa kubwa, maada ina mabonge zaidi, ikiwa ndogo, imetandazika. Kwa kuanzia vipimo vya Planck, S8 ya leo inapaswa kuwa karibu 0.83. Lakini KiDS mwaka 2020 ilipata karibu 0.76, na DES mwaka 2021 ikapata karibu 0.78. Tofauti ni ndogo, ila ilikuwa ileile kwa timu zisizotegemeana. Makala nyingi zikaandikwa. Huenda nishati ya giza inabadilika. Huenda maada ya giza haiko kama tunavyoidhania. Huenda graviti yenyewe ina neno.

Mwaka 2025 KiDS ilitoa matokeo yake ya mwisho: 0.815, yanayopatana na Planck. Nini kilibadilika? Data ziliongezeka, na zaidi ya yote umbali wa galaksi ulikadiriwa vizuri kuliko mwanzo. Mjadala haujafungwa, kwa kuwa timu nyingine bado hupata nambari za chini kidogo, na pia kuna hoja ya gesi: mashimo meusi yaliyo katikati ya galaksi hupuliza gesi mbali, na hilo huyalainisha mabonge kwa namna ambayo bado ni vigumu kuihesabu. Lakini aliyekuwa ameshatangaza fizikia mpya sasa ana haraka kidogo ya kurudi nyuma. Sioni aibu katika hilo. Hesabu ya umbali iliyosahihishwa haisherehekewi magazetini, hata ikiwa ndiyo iliyofanya kazi.

Lenzi hafifu ni shimo jeusi? Ni hatari?

La, kwa yote mawili. Shimo jeusi nalo hupinda mwanga, lakini lenzi hafifu hutokana hasa na maada iliyosambaa katika maeneo yenye upana wa mamilioni ya miaka ya nuru. Haigusi dunia, haibadilishi hali ya hewa wala maji kujaa na kupwa, na haina uhusiano na kupatwa kwa jua. Kupatwa kulitoa nafasi ya kupiga picha tu.

Watu hawana maji safi. Kwa nini fedha ziende huko?

Euclid imegharimu kama euro bilioni 1.4, na mtu aliyekimbia mashambulizi ya Palma Machi 2021 akarudi akakuta nyumba yake imeteketea ana haki yote ya kuuliza. Fedha hizo ni za walipakodi wa Ulaya na hazikutolewa kwenye bajeti ya kisima cha mtu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimalizi swali. Linaloweza kusemwa zaidi ni kwamba safari hii Afrika inapima pia. Msumbiji ni mojawapo ya nchi wabia wa Afrika katika mradi wa darubini ya redio ya SKA, pamoja na Kenya, Madagaska, Zambia na nyinginezo, huku antena zikijengwa Karoo, Afrika Kusini, mahali ilipo tayari MeerKAT yenye antena 64 iliyozinduliwa mwaka 2018. Moja ya kazi zilizopangiwa SKA ni lenzi hafifu kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hayavurugwi na hewa kwa namna mwanga unavyovurugwa, kwa hiyo makosa yake ni tofauti na ya darubini za kioo, na mashahidi wawili wenye udhaifu tofauti wakikubaliana wanaaminika zaidi. Kazi hizo zinataka wahesabu, waandishi wa programu na mafundi wa umeme. Kama watatoka Maputo tu au pia huku Cabo Delgado, hilo linategemea shule za sekondari kuliko linavyotegemea nyota.

Mtu aliye Palma anaweza kuona nini?

Lenzi hafifu yenyewe, hapana; hata darubini ya elfu kadhaa za dola haitakuonyesha. Anga linalopimwa, ndiyo. Usiku usio na mwezi, ukienda mbali na taa za mradi wa gesi wa Afungi, unaiona katika miezi yake Suheli na kundinyota la Mkuku, na kundinyota la Salibu upande wa kusini. Palma iko karibu digrii 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya anga linalochunguzwa kutoka Chile hupita juu yako pia. Huko Chile, mlimani Cerro Pachón, darubini ya Vera Rubin ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Kioo chake kina upana wa mita 8.4, kamera yake ni ya megapikseli 3,200, na itapiga picha anga lote la kusini tena na tena kwa miaka kumi.

Mwenye simu na intaneti anaweza kushiriki kwa upande wa lenzi kali. Picha za Euclid zilizotolewa Machi 2025 zilikuwa na galaksi nyingi mno kwa wataalamu kuzitazama zote, kwa hiyo zilizochaguliwa na kompyuta zilipelekwa kwa watu wa kujitolea kupitia tovuti ya Zooniverse, wengi wao wakiwa hawana shahada yoyote ya fizikia, wabofye wanapoona tao au pete. Kwa kazi ya kompyuta, watu hao na wataalamu pamoja, zilipatikana lenzi zinazodhaniwa kuwa za kweli zipatazo 500. Kujiandikisha ni bure, na mafunzo ya kutambua umbo la lenzi hutolewa palepale kabla ya kuanza.